Ngozi Ikuayo Maabarani: Matumaini na Mipaka Yake

Mtoto anapotahiriwa, au mgonjwa anapofanyiwa upasuaji wa kupunguza matiti, hubaki kipande cha ngozi ambacho kwa kawaida hutupwa. Kipande hicho, kikitolewa kwa ridhaa, chaweza kuwa chanzo cha ngozi nyingine: ngozi hai, yenye matabaka, ambayo haijapata kufunika mwili wa mtu yeyote.

Elimu hii ina umri wa takriban nusu karne. Mwaka 1975, James Rheinwald na Howard Green wa Massachusetts Institute of Technology, Marekani, walieleza namna ya kuzikuza keratinosaiti, yaani seli zinazojenga tabaka la juu la ngozi. Walizilea pamoja na seli za panya zilizopigwa mionzi ili zisiendelee kugawanyika. Mwaka 1981, Eugene Bell na wenzake walitangaza ngozi ya maabara yenye matabaka mawili, la juu na la ndani.

Njia inayotumika sana huanza na tabaka la ndani. Faibroblasti, seli zinazotengeneza nyuzi za ngozi, huchanganywa na kolajeni ya majimaji. Mchanganyiko huganda mfano wa uji uliopoa, kisha seli huuvuta hadi ukasinyaa na kuwa imara. Juu yake hupandwa keratinosaiti, nazo huachwa siku chache zikiwa zimezama katika majimaji ya lishe, kwenye joto la nyuzi 37 za Selsiasi. Ndipo hufuata hatua ya uamuzi: kipande huinuliwa, uso wake ukawa hewani na lishe ikaingia kutoka chini tu. Kwa takriban wiki mbili seli hujipanga safu juu ya safu. Za chini huendelea kugawanyika. Za juu hubapa, hupoteza viini na kufa, zikiacha gamba jembamba linalozuia maji kutoka na kemikali kupenya.

Gamba hilo ndilo faida kubwa ya kazi yote. Seli zilizotandazwa kwenye sahani hazina kinga hiyo, na ngozi ya sungura au panya haifanani sawasawa na ya binadamu. Mwongozo namba 439 wa shirika la OECD, uliotolewa mwaka 2010, unaruhusu kupima kwa ngozi ya maabara iwapo kemikali inawasha. Dawa ya rangi ya manjano, ambayo seli hai huigeuza kuwa zambarau, huonyesha kiasi cha uhai uliosalia. Ukishuka hadi nusu au chini ya hapo, kemikali huhesabiwa kuwa yenye kuwasha. Zikiongezwa melanosaiti, seli zinazotengeneza rangi, watafiti huweza pia kuchunguza athari za jua na za vipodozi vya kujichubua, ambavyo katika jamii zetu huitwa mkorogo.

Hata hivyo, kielelezo hiki si ngozi kamili. Kwa kawaida hakina mishipa ya damu, neva, vinyweleo wala tezi za jasho, na gamba lake hupitisha vitu kwa urahisi zaidi kuliko la mwilini. Kwa hiyo mgonjwa wa majeraha ya moto asidhani kwamba kipande kilicho maabarani kinamngoja. Kwa tiba, hukuzwa seli za mgonjwa mwenyewe. Mwaka 1984 iliripotiwa Marekani jinsi watoto wawili walioungua karibu mwili mzima walivyofunikwa majeraha kwa tabaka la juu lililokuzwa hivyo. Mwaka 2017, kundi la Michele De Luca wa Italia, pamoja na madaktari wa Ujerumani, liliripoti kumrudishia mtoto mwenye ugonjwa wa kurithi wa malengelenge takriban asilimia 80 ya tabaka hilo, baada ya kurekebisha jeni yenye kasoro.

Mafanikio haya yote yana mwanzo mmoja: mtu aliyekubali kutoa ngozi yake. Ndiyo maana mhudumu wa afya anapoomba ridhaa hana budi kueleza, kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa, kipande kinakwenda wapi na kwa kazi gani. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza na hata kukataa, bila matibabu yake kupungua hata kidogo. Kilicho taka katika chumba cha upasuaji bado ni mwili wa mtu.