Chujio la Hilonga na muuza maji wake

Kuchemsha maji kunaua vimelea. Kwa kipindupindu na homa ya matumbo ni kinga ya kutegemewa, na anayechemsha aendelee kuchemsha. Lakini ukichemsha maji yenye floraidi, mvuke unaondoka na floraidi inabaki sufuriani. Maji yamepungua, sumu ni ileile, kwa hiyo kila kikombe kina sumu nyingi kuliko kabla hujawasha moto.

Watu wa Arusha, Manyara na Kilimanjaro wanalijua tatizo hili kwa kuliona midomoni. Watoto huota meno yenye madoa ya kahawia, na waliokunywa maji hayo kwa miaka mingi hukakamaa viungo, wengine miguu ikapinda. Chanzo ni miamba ya volkano. Maji ya chini ya ardhi yanaipitia polepole na kuyeyusha floraidi iliyomo. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vipo visima vya kaskazini vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa. Hata chakula kina sehemu yake, kwa sababu magadi yanayolainisha makande huko nayo hubeba floraidi.

Askwar Hilonga alizaliwa Gongali, kijiji cha Karatu kilichomo ndani ya ukanda huo, katika familia ya kipato kidogo. Alisoma hadi akafika Korea Kusini, Chuo Kikuu cha Hanyang, akachukua udaktari wa uhandisi wa kemikali. Kazi yake huko ilihusu silika yenye vitundu vidogo mno, na aliitengeneza kwa kutumia silikati ya sodiamu. Silikati hiyo ni bidhaa ya bei nafuu, inatumika viwandani kutengenezea sabuni na gundi. Naona tabia yake yote ya baadaye imo katika uchaguzi huo. Maabara nyingi huanza na malighafi safi ya bei kubwa, yeye alizoea kuuliza mapema kitu hiki kitamgharimu nani na kiasi gani.

Aliporudi nyumbani alifundisha katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Tengeru, nje kidogo ya jiji la Arusha. Angeweza kuendelea kuandika makala za kisayansi na kupandishwa cheo. Akafungua kampuni, akaipa jina la kijiji chake: Gongali Model.

Chujio alilobuni linaanza na kitu cha zamani sana, mchanga. Maji yakipita taratibu kwenye mchanga, juu yake hujengeka utando wa viumbe hai wanaokula vimelea. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 Hamburg, Ujerumani, ambako maji ya mto Elbe yalisambazwa bila kuchujwa. Mji wa Altona uliopakana nao ulichota maji ya mto huohuo, tena upande wa chini ambako uchafu wa Hamburg ulikuwa umeshamwagwa, na ukanusurika kwa kiasi kikubwa. Altona walikuwa wanachuja kwa mchanga.

Mchanga, hata hivyo, haukamati floraidi, kwa sababu chembe zake ni ndogo mno. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Bakteria wa kawaida wa tumboni ana urefu wa nanomita 2,000 hivi, kirusi cha polio kina upana wa 30, na chembe ya floraidi haifiki hata moja. Hakuna tundu la chekeche litakaloizuia chembe hiyo na bado liruhusu maji kupita kwa kasi ya kumfaa mtu mwenye ndoo. Inabidi inaswe. Nyenzo za nano zina vitundu vingi kiasi kwamba gramu moja inaweza kuwa na uso wa mamia ya mita za mraba, na mkemia anaweza kuupaka uso huo kitu kinachovutia sumu fulani. Chembe za sumu hiyo zinapopita hung'ang'ania hapo kama mbegu za kishonanguo kwenye suruali ya aliyekatiza kichakani.

Kwa hiyo Hilonga aliunganisha mchanga na nyenzo hizo, na kwangu sehemu nzito zaidi ya ubunifu wake ni kwamba mchanganyiko unabadilishwa kulingana na mahali. Penye floraidi unawekwa wa floraidi, penye metali nzito unawekwa mwingine. Kwanza maji yanapimwa, kisha chujio linatengenezwa. Hilo linamtofautisha na wafanyabiashara wengi wa machujio, ambao huuza chombo kimoja kuanzia Mtwara hadi Bukoba.

Juni 2015 taasisi ya wahandisi ya Uingereza, Royal Academy of Engineering, ilimpa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi. Ilikuwa mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa, na ilikuja na pauni 25,000. Wakati huo chujio lake liliuzwa kwa dola 130 hivi, na alisema fedha za tuzo zingemwezesha kununua malighafi kwa wingi ili bei ishuke.

Dola 130 ni fedha nyingi kwa mkulima. Hilonga alilijua hilo kwa sababu alikulia kwa wakulima, na ndiyo maana kampuni yake ilienda njia ya pili: chujio linakodishwa au kuuzwa kwa mjasiriamali wa mtaani, naye anafungua kituo na kuwauzia majirani maji safi kwa bei wanayoimudu. Wengi wamekieleza kituo hicho kuwa mbinu ya biashara tu. Mimi nakiona kuwa sehemu ya chujio lenyewe, na sababu yangu ni ya kikemia.

Uso unaonasa sumu una nafasi zenye kikomo. Nafasi zikijaa, sumu inapita bila kushikwa, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu hakuna kinachobadilika machoni. Maji ni maangavu vilevile, hayanuki, ladha ni ileile. Mchanga ukiziba utajua, maji yatadondoka kwa taabu. Nyenzo ya floraidi ikishiba hutajua kitu. Familia iliyonunua chujio lake ikaliweka jikoni itaendelea kulitegemea mwaka wa pili na wa tatu, ikiamini inakunywa maji salama. Mwenye kituo anahesabu lita anazouza kwa sababu ndizo fedha zake, na hesabu hiyohiyo inamwambia lini abadilishe nyenzo. Anapimiwa maji, anafahamika, na akizembea wateja wanajua pa kumpata. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimeshughulika kwa miaka mingi na uondoaji wa floraidi kwa makaa ya mifupa, na makaa hayo nayo hushiba. Yeyote aliyefanya kazi hii anakutana na kikwazo hichohicho.

Sasa nije mkoa wa Songwe, kwa sababu makala hii naiandika nikiwafikiria wasomaji wa Ibaba, kule vilimani Ileje. Mkoa huu hauna tatizo moja la maji. Tunduma ni mji wa mpakani unaokua haraka, wenye watu wengi na maji yasiyotosha, na adui wa kwanza mahali pa namna hiyo ni kinyesi kuingia kwenye visima vifupi. Wilaya ya Songwe ina wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaotumia zebaki. Ileje ina makaa ya mawe, na maji yanayopita kwenye miamba ya makaa yanaweza kutoka na chuma na tindikali. Upande wa Rungwe, mkoa jirani wa Mbeya, kuna volkano, hivyo floraidi nayo si ya kupuuzwa bila kipimo. Mtu akija Ibaba na chujio lililofanya vizuri Karatu, linaweza kuwa limeandaliwa kwa adui ambaye Ibaba hayupo, huku aliyepo akipita bila kizuizi.

Vipaji mkoa unavyo. Miaka michache iliyopita nchi iliona picha za fundi wa Tunduma aliyekuwa akiunda helikopta kwa mikono yake, na mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, yaliyoanza 2019, yameibua vijana wa aina hiyo kila pembe ya nchi. Tunawapigia makofi, wanapewa cheti, wanarudi karakana zilezile. Hilonga alikuwa na mambo mawili ambayo wengi wao hawapewi: maabara ya kupimia kama kifaa chake kinafanya anachodai, na mnunuzi wa kwanza anayelipa. Halmashauri zinaweza kuwa mnunuzi huyo, na maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji zipo. Wanaochelewa kukutana ni wabunifu, halmashauri na wapimaji.

Ninawaomba viongozi wa vyombo vya watumia maji Ibaba na kata jirani wafanye jambo moja kabla ya msimu ujao wa bajeti. Nendeni kwa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) wilayani, ombeni sampuli za chemchemi na visima vyenu zipimwe vimelea, floraidi, chuma na zebaki, na majibu yabandikwe ofisi ya kijiji kila mtu ayasome. Akija muuza chujio, mwonesheni karatasi hiyo, mwulizeni kifaa chake kinaondoa kipi kati ya hivyo, kinashiba baada ya lita ngapi, na nani atakuja kukibadilisha. Akishindwa kujibu, msinunue.