Ukuta Ulio Nyuma ya Paneli

Paneli za PVC zimeingia katika mabafu mengi ya Dar es Salaam na Mombasa, na sababu zinaeleweka. Ni nyepesi, hazina mistari mingi ya kusugua kama vigae, na fundi mwenye mkono mzuri anaweza kuvika kuta za bafu dogo kwa siku moja. Ninachosikitikia ni kwamba mteja huilipia siku hiyo moja tu. Kazi iliyopaswa kuitangulia haiulizwi.

Plastiki haipitishi maji, lakini haipitishi kutoka upande wowote. Unyevu uliokuwa ukipanda kutoka kwenye msingi, au ukivuja kidogo kidogo kwenye bomba lililofukiwa ukutani, zamani ulikauka kwa hewa ya bafuni. Ukishafunika, unabaki palepale ukilisha ukungu na kuila gundi. Pwani jambo hili ni zito zaidi. Lipu iliyopigwa kwa mchanga wa baharini ina chumvi, na chumvi huvuta unyevu hewani. Ukiona unga mweupe ukutani au rangi inabanduka kwa magamba, usikubali paneli ipandishwe kabla chanzo hakijajulikana.

Kuna kipimo kisicho na gharama. Chukua kipande cha nailoni, kama sentimita 50 kila upande, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, ukiache kwa saa 24 au zaidi. Matone yakijikusanya ndani, kati ya nailoni na ukuta, ukuta ndio unaotoa maji. Yakiwa upande wa nje tu, huo ni mvuke wa chumbani.

Rangi ya zamani ikwanguliwe. Gundi hushika kile ilichopakwa, na ikipakwa juu ya rangi iliyolegea, siku rangi inaachia ndiyo siku paneli inakuja nayo. Mabomba nayo yajazwe maji kwa presha yaachwe usiku kucha na kukaguliwa asubuhi, maana baada ya hapo kuyafikia ni kubomoa. Wengine hupigilia fito za mbao kwanza ili kukwepa kunyoosha ukuta. Kwa dari ni sawa. Pale bomba la mvua linapomwaga maji, siafiki hata kidogo. Mbao huleta mchwa, huacha uwazi unaotunza unyevu, na paneli hubonyea unapoiegemea. Jipsamu pia haifai hapo, hata ile ya kijani inayouzwa kwa ajili ya sehemu zenye unyevu. Ukuta unyooshwe kwa lipu, ukauke, paneli ibandikwe moja kwa moja.

Paneli ya kwanza ianzie pembeni na isimamishwe kwa timazi, kwa sababu ikipinda kidogo, zote zinazofuata zitapinda. Silikoni iwekwe ndani ya mfereji wa kiungo kabla ya kuunganisha. Ile inayopakwa juu baadaye ni pambo tu. Halafu iachwe nafasi juu, kama milimita 5. PVC hutanuka takriban milimita 0.07 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto: paneli ya mita 2.4 ikipata maji ya moto yaliyoongeza nyuzi 20, inarefuka kwa zaidi ya milimita 3. Isipopata pa kwenda, inavimba katikati.

Tundu la bomba ndipo wengi wanapokosea. Paneli nyingi za bei nafuu zina mashimo marefu ndani, kwa hiyo maji yakiingia kwenye tundu hilo hushuka ndani ya paneli hadi chini, na hakuna anayeyaona. Tundu likatwe kubwa kuliko bomba kwa milimita chache, kisha nafasi yote ijazwe silikoni kabla kifuniko cha chuma hakijawekwa.

Uchaguzi wa silikoni una uzito wake. Ile inayonuka siki inapokauka hutoa asidi, nayo haipatani na saruji wala vyuma. Omba isiyo na asidi. Ipewe saa 24 kabla ya mtu kuoga. Ikianza kuachia miaka ya mbele, ikatwe yote kwa kisu na mahali pake pakaushwe kabisa ndipo mpya ipakwe, kwani silikoni mpya haishiki vizuri juu ya kuukuu.