Betri ya Gari Hailali Chumbani

Gari limegoma kuwaka, betri imekwisha nguvu. Jioni baba huifungua, huibeba hadi ndani na kuiunga kwenye chaja. Kwa kuhofia wezi huiweka chumbani, akafunga mlango na madirisha, kisha watu wote wakalala. Amemzuia mwizi, lakini amekaribisha adui mwingine nyumbani mwake.

Adui huyo haonekani wala hatoi harufu. Betri ya kawaida ya gari ina bamba za risasi zilizozama katika maji yaliyochanganywa na asidi kali. Inapochajiwa, hasa inapokaribia kujaa, maji hayo hutoa gesi mbili, haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa, hivyo hupanda na kujikusanya chini ya dari. Ikifikia sehemu 4 tu katika kila 100 za hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Betri nayo ikilipuka, kasha hupasuka na asidi huruka usoni mwa aliye karibu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, betri ichajiwe mchana, barazani au penginepo penye hewa tele, mbali na jiko, sigara na koroboi. Wako watu wawashao kiberiti ili kuchungulia maji ya betri yamefika wapi. Huko ni kuchezea mauti, tochi ipo.

Kabla ya kuanza, vua saa, pete na bangili. Ikiwa betri ni ya vifuniko na maji yamepungua, ongeza maji maalumu ya betri mpaka yafunike bamba. Ya bomba au kisima huiharibu. Chaja ikiwa imezimwa, unga waya wa chanya kwenye chanya na wa hasi kwenye hasi, ndipo uwashe. Ukimaliza, zima kwanza, ndipo ufungue waya. Usiiharakishe betri: yenye saa-ampea 60 yatoshwa na ampea 6. Ikivimba, ikipata joto kali au ikinuka kama yai viza, zima chaja mara moja na usogee mbali.

Yote haya si ya baba peke yake. Mama na watoto wakubwa nao wajue la kufanya asidi ikiingia jichoni. Jicho lisisuguliwe, wala lisitiwe maziwa au dawa ya kubahatisha. Kope zifunguliwe, maji safi yamiminwe mfululizo kwa dakika zisizopungua 20, kisha mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia. Ndoo ya maji, basi, iwekwe karibu kabla chaja haijawashwa, na watoto wadogo wakae mbali.

Betri ikiibiwa, itanunuliwa nyingine. Jicho la mtoto haliuzwi dukani.