Figo, Shamba na Karo: Jinsi Kaya Inavyofilisika

Uchanganuzi wa takwimu za matumizi ya kaya za mwaka 2018 ulikadiria kwamba Wakenya kati ya milioni 1 na milioni 1.1 walitumbukia katika umaskini kwa sababu ya kulipia matibabu. Takwimu hiyo hutajwa mara nyingi, lakini haielezi kaya hufilisika vipi. Hakuna anayelala na shamba akaamka hana. Kuna hatua, nazo hufuatana kwa utaratibu unaoweza kutabirika. Hatua hizo huonekana waziwazi zaidi katika kaya ya wakulima wadogo ambayo mtoto wake mkubwa, wa miaka 30 hivi, ameambiwa kwamba figo zake zote mbili zimeacha kufanya kazi.

Umri huo ni wa kawaida kwa ugonjwa huu. Katika nchi tajiri, wengi wanaofikia hatua ya mwisho ya ugonjwa wa figo ni wazee. Kusini mwa Sahara, wengi wako kati ya miaka 20 na 50. Kijana huyo ndiye aliyesomeshwa kwanza, kwa ng'ombe waliouzwa na mikopo ya sako, ili naye awashike mkono wadogo zake. Zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wa Kenya wamo katika sekta isiyo rasmi, kwa hiyo wazazi wengi hawana pensheni nyingine ila yeye. Mtoto mchanga akiugua, gharama hupanda lakini mapato ya wazazi hubaki. Kijana huyu akiugua, mapato hukatika na gharama huanza mwezi uleule.

Tuitazame tiba yenyewe. Kusafisha damu kwa mashine hufanywa kwa kawaida mara tatu kwa wiki, kila mara saa nne hivi. Kwa mwaka ni mara 156. Iliyokuwa Bima ya Kitaifa ya Hospitali, NHIF, ililipa Sh9,500 kwa kila awamu, lakini kwa awamu mbili tu kwa wiki. Aliyehitaji ya tatu aliitafutia fedha mwenyewe, na kwa bei hiyohiyo ilikuwa Sh494,000 kwa mwaka. Wengi waliiacha. Kuiacha kuna matokeo: maji hujaa mwilini, shinikizo la damu hupanda, moyo hutanuka, madini ya potasiamu hurundikana hadi yanaweza kuusimamisha moyo ghafla. Mgonjwa asiyesafishwa vya kutosha hulazwa mara kwa mara, na kila kulazwa ni deni jipya. Akiba iliyopatikana kwa kukata awamu moja huishia kulipwa wodini.

Zipo pia gharama ambazo hazimo katika kifurushi chochote: nauli ya kwenda na kurudi, ya watu wawili maana mgonjwa hatoki akiwa na nguvu za kusafiri peke yake, sindano za kuongeza damu zinapokosekana hospitalini, vipimo vya maabara, chakula maalumu. Mwaka 2015 Serikali iliingia mikataba ya kukodi vifaa vya hospitali ya takriban Sh38 bilioni, na mashine za kusafisha damu zikafika kaunti nyingi. Hiyo ilikuwa hatua ya maana, kwa sababu kabla yake wagonjwa wengi walikufa bila kuunganishwa na mashine. Lakini mashine ilipofika, hakuna aliyeipangia kaya namna ya kuifikia mara tatu kwa wiki kwa miaka.

Ajira huwa ya kwanza kuanguka. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamhakikishia mfanyakazi likizo ya ugonjwa isiyopungua siku saba kwa mshahara kamili na siku saba nyingine kwa nusu mshahara, katika mwaka mzima. Kinachozidi hapo hutegemea mkataba au huruma ya mwajiri. Anayehitaji siku tatu kwa wiki humaliza kiwango hicho cha chini ndani ya wiki tano.

Akishaachishwa kazi, bima nayo hubadilika. Chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi. Asiyeajiriwa hupimwa uwezo wake na kutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo kabla ya kuhudumiwa. Kijana aliyevuka miaka 25 hawezi kuingizwa katika bima ya wazazi kama tegemezi wa kawaida, hata kama amerudi kulala katika chumba alichokulia. Kisheria yeye ni kaya yake mwenyewe. Hivyo mtu aliyetoka kupoteza mshahara huitishwa fedha nyingi kwa mpigo wakati hasa asipokuwa nazo.

SHA imepandisha malipo ya awamu moja hadi Sh10,650, na hilo linastahili kusifiwa. Tatizo liko katika mtiririko wa fedha. Waliojisajili wamepita milioni 20, lakini wanaochangia mara kwa mara ni sehemu ndogo yao. Mwenye afya huahirisha kulipa, mgonjwa hulipa mara moja, kwa hiyo hazina hukusanya kidogo kutoka kwa wengi na hutoa kingi kwa wachache. NHIF iliacha madeni ya zaidi ya Sh30 bilioni kwa hospitali. Mapema mwaka 2025 hospitali nyingi za kibinafsi zilisitisha huduma za bima na kuwaitisha wagonjwa fedha taslimu. Mwenye ngiri anaweza kusubiri mzozo uishe. Anayesafishwa damu ana siku chache tu. Hapo ndipo deni la taasisi linapogeuka kuwa deni la familia, bila sahihi ya mtu yeyote.

Kimbilio linalofuata ni mchango. Kundi la WhatsApp hufunguliwa, nambari ya paybill husambazwa, kanisa au msikiti hutangaza, na mara ya kwanza fedha huja kwa wingi. Utaratibu huu umeokoa wengi na haufai kubezwa. Ila mchango uliundwa kwa ajili ya tukio: mazishi, harusi, upasuaji mmoja, karo ya chuo. Figo haina tarehe ya mwisho. Wanaochanga nao ni wakulima na wachuuzi wa hali ileile, na wengi wao wana mgonjwa wao nyumbani. Mchango wa pili huleta pungufu, wa tatu huleta salamu za pole. Baadaye watu huanza kuikwepa familia njiani kwa kuona haya, na kaya hupoteza hata jirani wa kumkopa unga.

Baada ya hapo mali huanza kuondoka, na mpangilio wake hauna siri. Hutangulia akiba ya chama, kisha kuku na mbuzi, kisha mikopo ya simu, kisha ng'ombe wa maziwa ambaye ndiye aliyekuwa akileta fedha za kila siku. Shamba huwa la mwisho. Kuuza ardhi ya kilimo kunahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi na ya mwenzi wa ndoa, na mnunuzi anayejua kuna mgonjwa nyumbani hana sababu ya kuharakisha wala kutoa bei nzuri. Kipande cha robo ekari huenda kwa bei ya kutupa, na msimu unaofuata kaya hununua mahindi iliyokuwa ikiyalima. Katikati ya haya, kitinda mimba hurudishwa nyumbani kwa karo. Naye ndiye aliyekuwa amebaki wa kuwatunza wazazi baadaye.

Upandikizaji ungepunguza mzigo wa muda mrefu, ila nao hudai kaya itoe mtu. Wazazi hujitolea kwanza, na mara nyingi hukataliwa kwa sababu wana kisukari au shinikizo la damu. Zamu huwafikia ndugu, watu wa pekee ambao bado wanaingiza kitu. Anayetoa figo hukaa wiki kadhaa bila kazi, na anayepokea humeza dawa za kuzuia mwili kuikataa maisha yake yote. Mwaka 2025 Serikali ilisimamisha upandikizaji katika hospitali moja ya Eldoret baada ya ripoti za uchunguzi kueleza jinsi vijana maskini walivyouza figo zao. Soko la namna hiyo hulishwa na kaya zilizokwisha kuuza kila kitu kingine.

Nguzo zote zilizotajwa, yaani sheria ya kazi, bima ya mkupuo na mchango, zimejengwa kwa ugonjwa unaoanza na kuisha. Kuzirekebisha kunawezekana: aliyepoteza kazi kwa ugonjwa wa kudumu aendelee kuhudumiwa bila mkupuo, mzazi aruhusiwe kumweka mtoto mgonjwa katika bima yake bila kujali umri, na madai ya kusafisha damu yalipwe kabla ya mengine yote. Lakini nafasi ya bei nafuu zaidi iko kwenye zahanati. Kupima shinikizo la damu, sukari na protini katika mkojo ni kazi ya dakika chache, na sheria ya 2023 iliyoanzisha SHA iliunda pia Hazina ya Afya ya Msingi kugharimia huduma za ngazi hiyo bila mgonjwa kulipa. Msomaji aliyevuka miaka 20, hasa mwenye shinikizo la damu au kisukari katika ukoo, aende akapimwe mwezi huu. Akikuta zahanati ya kata yake haina vifaa vya kupimia, amuulize mbunge wake na mwakilishi wa wadi yake fedha za hazina hiyo zimekwenda wapi, na asikubali kujibiwa kwa ahadi.