Kiharusi hakianzii bafuni

Wasomaji hawaachi kuuliza kama ni kweli kwamba anayeanza kuoga kwa kujimwagia maji kichwani hupasua mishipa ya ubongo. Ujumbe huo unazunguka WhatsApp miaka nenda miaka rudi, na kila ukirudi umepachikwa jina la daktari mpya. Watu huangukia bafuni, hilo halina ubishi: kiharusi hutokea zaidi asubuhi, presha inapopanda baada ya kuamka, na hizo ndizo saa za kuoga. Lakini mshipa uliopasuka asubuhi hiyo ulianza kuharibika miaka mingi nyuma. Ushahidi tunao tangu C. Miller Fisher, daktari wa mishipa ya fahamu kutoka Kanada aliyefanya kazi Boston, alipochapisha mwaka 1965 uchunguzi wa ubongo wa marehemu 1,042. Katika 114 alikuta vishimo vidogo ndani kabisa ya ubongo, na karibu wote waliokuwa navyo walikuwa na presha ya kupanda.

Hakuishia hapo. Alikata sehemu hizo vipande vyembamba, kimoja baada ya kingine, akaufuata mshipa hadi ulipoziba. Mishipa inayolisha kina cha ubongo ina upana wa sehemu ndogo ya milimita, nayo huchomoza moja kwa moja kutoka kwenye mshipa mkubwa, bila matawi ya kati ya kupunguza nguvu ya damu. Presha ikiwa juu mwaka baada ya mwaka, misuli ya kuta zake hufa, na mahali pake huja kovu lenye mafuta. Kovu hilo likiziba njia, eneo dogo la ubongo linakufa na kuacha kishimo. Ukuta ukikatika, damu inamwagika. Ndiyo maana presha ileile humletea huyu kiharusi cha kuziba na yule cha kuvuja. Na kishimo chenyewe kinaweza kuwa kama punje ya kunde, ila kikiangukia mahali ambapo nyuzi za uso, mkono na mguu zimebanana pamoja, upande mzima unapooza huku mgonjwa akiongea na akili zake timamu. Hapo ndipo jirani anaposema karogwa.

Watauliza: mbona alikuwa mzima jana? Presha haiumi, na vishimo vingi hutokea bila mtu kuhisi chochote. Wengine watasema mganga alimponya fulani kwa siku moja. Huenda kweli alipona, ila si kwa dawa ile. Donge la damu lililoziba mshipa likiyeyuka lenyewe, mkono uliolegea hurudi ndani ya dakika au saa chache. Fisher aliandika kuhusu matukio hayo ya kupita tangu miaka ya 1950, akiyaona kama onyo la kiharusi kinachokuja. Mganga hujivunia kilichojimaliza chenyewe, na mgonjwa hupoteza nafasi ya kujikinga. Wala tusidhani huu ni ujinga wa vijijini. Gerry Mshana na wenzake waliripoti mwaka 2008 kwamba Dar es Salaam ndiko kiharusi kilikohusishwa zaidi na mashetani na uchawi, na watu wakaanzia kwa mganga. Vijijini wilayani Hai walitaja presha na kwenda hospitali kwanza. Na huko huko Dar, utafiti wa Richard Walker na wenzake uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta, baada ya kusawazisha tofauti za umri, visa vipya karibu 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, dhidi ya 109 Hai.

Basi pima presha hata kama hujisikii vibaya, na usiache vidonge kwa sababu umepata nafuu. Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, nenda hospitali kubwa mara moja, hata kama dalili zimepotea njiani. Usimchome mgonjwa sindano vidoleni, usimpe aspirini nyumbani: bila picha ya CT hakuna ajuaye kama mshipa umeziba au unavuja. Dawa ya kuyeyusha donge, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu, zikihesabiwa tangu mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho.