Nani Anakutuma Ukimbie?

Aprili 2015, kwenye mbio za Boston kule Marekani, Caroline Rotich wa Kenya alikata kilomita 42 na kumwacha Mare Dibaba wa Ethiopia kwa sekunde 4 tu. Magazeti yaliandika. Kisa changu cha leo, wajukuu, magazeti hayakukiandika siku ile, kwa sababu kilihusu mavi. Chekeni kwanza, mkimaliza nitaendelea.

Mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard, Jonathan Scheiman, alizunguka mji ule na gari akikusanya choo cha wakimbiaji 15, kuanzia wiki moja kabla ya mbio hadi wiki moja baadaye. Kila alichopewa alikiweka kwenye barafu kavu, maana choo kikikaa kwenye joto, bakteria waliomo huendelea kuzaana na ushahidi wote huvurugika. Na alichokuwa akikitafuta ni hao bakteria. Wanaishi matrilioni katika utumbo wa kila mmoja wetu, naye alitaka kujua kama mbio zinawagusa.

Ziliwagusa. Baada ya mashindano, jamii moja iitwayo Veillonella iliongezeka. Hawa chakula chao ni laktati. Ukikimbia kwa nguvu, misuli huimwaga laktati kwenye damu, na kiasi fulani hupenya hadi utumboni. Veillonella wakishaila hutoa kitu kingine, propionati, nacho hurudi kwenye damu. Watafiti wakachukua Veillonella wa mkimbiaji mmoja, wakawapa panya, wakawapandisha kwenye mashine ya kukimbilia. Panya wale wakakimbia kwa asilimia 13 zaidi ya wenzao kabla ya kuchoka. Kisha wakajaribu propionati peke yake, wakiwaingizia panya kwa njia ya nyuma, maskini, na hao pia wakakimbia zaidi. Matokeo yakatangazwa mwaka 2019.

Sasa mtaniuliza: na ubongo, unaotupa hamu ya kukimbia, je, bakteria wanaugusa nao?

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walikuwa na panya wengi, wengine wapenda mbio, wengine wavivu kabisa. Walidhani tofauti iko kwenye jeni walizorithi. Jeni zikaeleza kidogo sana; bakteria wa tumboni ndio walioeleza mengi. Panya walipopewa antibayotiki na bakteria wao wakafa, mbio zao zilipungua karibu nusu. (Msije mkakataa dawa ya daktari kwa kisingizio cha panya hawa.)

Ikaonekana kwamba baadhi ya bakteria hutengeneza kemikali za jamii ya mafuta zinazoamsha neva za utumboni. Neva hupeleka habari juu kupitia uti wa mgongo, na ubongo wa panya anayekimbia hupata dopamini zaidi, ile kemikali ya raha. Panya anaona utamu, anaongeza mbio. Mimi hapo ndipo niliposhangaa: hamu ya kukimbia, ambayo ningeapa kuwa ni ya kichwani, kumbe sehemu yake inatoka tumboni!

Lakini panya si mtu. Kwa watu tunalo jaribio la Chuo Kikuu cha Illinois, lililotolewa mwaka 2018. Watu 32 wasiozoea mazoezi walifanya mazoezi mara 3 kwa wiki, kwa wiki 6, bila kubadili chakula. Bakteria wanaotengeneza butirati waliongezeka, hasa kwa wale wasio wanene. Butirati ndiyo inayolisha ukuta wa utumbo mpana na kupunguza uvimbe mwilini, na katika panya imeonekana kusaidia kuziba kuta za mishipa ya damu ya ubongo ili sumu zisipenye ovyo.

Kisha watu wale wakaambiwa wakae tu wiki 6 nyingine. Sehemu kubwa ya mabadiliko yale ikapotea.