Gari Linalokunywa Maji: Kusaka Mvujo Usioonekana

Mafundi husema gari "linakunywa maji" pale rejeta inapohitaji kuongezwa kila baada ya siku chache, ilhali chini ya gari hakuna dimbwi wala tone. Katika gari lenye umri wa miaka 15 au 20 hitilafu hii ni ya kawaida, na ikipuuzwa huua injini. Mfumo wa kupoza umefungwa pande zote. Wota pampu husukuma maji ndani ya bloku na silinda hedi, yanabeba joto hadi kwenye rejeta, yanapoa na kurudi. Hakuna mahali yanapotumika yakaisha. Yakipungua yametoka, na yalipopitia huacha alama.

Tukuyu ni mahali pagumu kuiona alama hiyo. Mji huo ulio kwenye miteremko ya Mlima Rungwe hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na gari hufika gereji likiwa limelowa na kutapakaa tope tangu bampa hadi difu. Asubuhi za baridi karibu kila bomba la moshi hutoa mvuke mweupe, hata la gari zima. Pia mwinuko una lake: mji uko kwenye mita 1,500 na zaidi, ambako maji matupu huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi badala ya 100.

Kwa hiyo mfuniko wa rejeta ndio kifaa cha kwanza cha kushukiwa, ingawa wengi hukiruka kwa sababu ni kidogo na bei yake ni ndogo. Mfuniko si kizibo tu. Una springi na mpira vinavyoshikilia mgandamizo, na katika magari mengi ya Kijapani huandikwa juu yake 0.9 au 1.1. Mgandamizo wa namna hiyo hupandisha kiwango cha maji kuchemka kwa nyuzi 20 hivi. Mpira ukikauka au springi ikilegea, maji huchemka mapema na kutoka kama mvuke, hasa gari likiwa na mzigo kwenye mpando wa kutoka Kyela kuja Tukuyu, unaozidi mita 1,000 kwenda juu. Mvuke hauachi dimbwi. Ni makosa kufungua silinda hedi ya gari ambalo mfuniko wake haujapimwa.

Kazi yenyewe ianze injini ikiwa baridi kabisa. Mfuniko ukifunguliwa wakati wa moto, maji hulipuka usoni. Rejeta ijazwe hadi mdomoni, na kwenye chupa ya akiba pawekwe alama ya kalamu. Injini ioshwe, ikaushwe, na gari lilazwe chini ya paa juu ya boksi lililokunjuliwa. Maji safi yasiyo na harufu yanayodondoka upande wa abiria baada ya kutumia kiyoyozi si mvujo. Ni unyevu wa hewa tu. Kulanti ina rangi, utelezi na harufu ya utamu.

Mvujo mdogo hukaukia kwenye chuma cha moto kabla ya kufika chini, ukabakiza ukoko mweupe, wa kijani au wa waridi kulingana na kulanti iliyotumika. Tochi ielekezwe kwanza pale rejeta ya alumini inapobanwa na matangi ya plastiki ya juu na chini, kwani plastiki hiyo hupasuka nyufa nyembamba kwa uzee. Kisha ncha za mipira, chini ya klipu. Halafu wota pampu: chini ya shafti yake kuna tundu dogo lililotobolewa makusudi kiwandani, na likionyesha michirizi mibichi, sili ya ndani imekwisha. Tundu hilo lisizibwe kamwe, maana maji yatahamia kwenye beringi.

Toyota Noah za kizazi cha 1996 hadi 2001 zinastahili subira zaidi. Injini ya kila moja iko chini ya viti vya mbele na rejeta iko mbele kabisa, hivyo maji husafiri umbali mrefu kupitia mabomba na mipira iliyofichika. Viti vifunguliwe na mabomba yafuatwe kwa mkono, kiungo kwa kiungo.

Jicho likishindwa, hutumika pampu ya mkono yenye geji, inayofungwa mahali pa mfuniko. Mfumo hupandishwa hadi mgandamizo ulioandikwa kwenye mfuniko, usizidi, kisha huachwa. Geji ikishuka, maji yanatoka mahali fulani, na mara nyingi mvujo uliojificha huonekana saa hiyo. Isiposhuka, jaribio lirudiwe injini ikiwa na vuguvugu, kwa kuwa chuma kikipanuka nyufa nyingine hufunguka.

Pakiwa pakavu nje, ndani ya gari pakaguliwe. Hita ikitoboka, zulia la mbele hulowa na kioo hufunikwa na ukungu wa mafuta-mafuta. Katika msimu wa mvua dereva hudhani ni viatu vya abiria.

Linalobaki ni gasketi ya silinda hedi, na hapa ndipo injini nyingi hufunguliwa bure. Utando kama chai ya maziwa kwenye mfuniko wa oili huweza kutokana na baridi na safari fupi tu, na kung'olewa themostati, jambo linalofanywa sana, huzidisha utando huo kwa sababu injini haipati joto lake. Utando ukionekana kwenye kijiti cha kupimia oili, hilo ni jambo jingine. Moshi mweupe wa asubuhi hukoma injini ikipata moto. Wa gasketi huendelea. Ushahidi wa uhakika zaidi ni dawa ya bluu inayowekwa mdomoni mwa rejeta na kugeuka njano ikikutana na gesi ya moshi. Bila dawa hiyo, plagi zifunguliwe: silinda inayoingiza maji mara nyingi huwa na plagi safi kuliko nyingine. Kwenye gari la otomatiki, oili ya giaboksi nayo itazamwe, maana katika magari mengi hupozwa ndani ya tangi la rejeta.

Unga wa manjano, ute wa yai na dawa za kuziba humfikisha msafiri nyumbani, basi. Vikiachwa huganda katika njia nyembamba za rejeta na hita.

Matengenezo yakikamilika, hewa itolewe kwa kuegesha gari pua juu, hita ikiwa wazi, na mfumo ujazwe kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Maji matupu ya mtoni hayana kinga ya kutu, na kutu ndiyo huzaa mvujo unaofuata. Kulanti chafu ikusanywe kwenye dumu lenye kifuniko. Ethilini glikoli iliyomo ni sumu yenye ladha tamu inayovuta watoto na mbwa, kwa hiyo isimwagwe mferejini, hasa Rungwe, ambako mfereji hauko mbali na kijito ambacho watu huchota maji.